Kabla ya kumwambia mgonjwa "imerudi"

Alhamisi moja ya masika, kichupa kidogo kiliwekwa kwenye dirisha la kupokelea sampuli la maabara ninayofanyia kazi hapa Moshi. Ndani yake, kwenye fomalini, mlikuwa na vinyama vitatu vyembamba, hakuna kilichozidi punje ya mchele. Vilikuwa vimetoka kwenye ubongo wa mtu. Fomu iliyoambatana navyo ilikuwa na maneno machache: mwanamume, miaka 52, uvimbe wa ubongo, tafadhali chunguza. Sehemu ya historia ya ugonjwa haikuandikwa kitu, imepigwa mstari mmoja wa kalamu ya bluu.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukigeuza kinyama kuwa slaidi: kukitoa maji, kukizamisha kwenye nta ya moto hadi kiwe bloku, kukikata vipande vyembamba kuliko unywele, kuvitandaza juu ya maji ya uvuguvugu vikae kama utando juu ya maziwa, kuvinasa kwenye kioo, kuvipaka rangi ya zambarau na ya waridi, kisha kumpelekea mwanapatholojia, daktari anayesoma slaidi kwenye hadubini. Lakini ukikaa miaka kadhaa kwenye kazi hii unajifunza kuogopa fomu tupu kuliko unavyoogopa uvimbe mbaya. Nikapiga simu wodini.

"Kaka, ndugu zake wapo hapa mlangoni, ngoja niwaulize," nesi akaniambia. Akarudi baada ya dakika chache. Mgonjwa aliwahi kutibiwa saratani ya tezi, miaka miwili nyuma, hospitali nyingine. Alimaliza mizunguko sita ya kemo, tezi za shingo zikanywea, akarudi kwenye migomba na kahawa zake. Sasa kichwa, degedege, mkono wa kushoto umelegea. "Wameshaambiwa imerudi," nesi akamalizia.

Makala hii inahusu neno hilo moja.

Mara nyingi neno hilo ni la kweli, na nisingependa msomaji adhani vinginevyo. Limfoma, ambayo watu wetu wanaiita saratani ya tezi au saratani ya mitoki, ni saratani ya chembe nyeupe za damu, hasa zile zinazoitwa seli B. Ile aina kali inayowapata watu wazima wengi huweza kurudi na kukimbilia ubongoni. Hutokea kwa takriban wagonjwa 5 katika kila 100, wengi wao ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo daktari anayemwona mtu aliyetibiwa limfoma akiwa na uvimbe kichwani na akafikiri "imerudi" hajakosea kufikiri hivyo. Anakosea akiishia hapo.

Kuna uvimbe mwingine. Ni nadra, umeandikwa zaidi katika taarifa za mgonjwa mmoja mmoja na makundi madogo, lakini upo: limfoma ya pili, inayozaliwa upya ndani ya ubongo wa mtu aliyekuwa na limfoma ya kwanza, na inayosukumwa na kirusi. Kwenye hadubini, kwa rangi za kawaida, hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. Seli kubwa, viini vikubwa, zimejibana kuzunguka mishipa ya damu. Ukoo ndio unaotofautiana. Kila limfoma ya seli B ni uzao wa seli moja, na seli zote za uzao huo hubeba mpangilio mmoja wa jeni za kutengeneza kingamwili, kama watu wa ukoo mmoja wanavyobeba jina moja. Iliyorudi inabeba jina la zamani. Hii nyingine inakuwa na jina lake.

Kirusi chenyewe kinaitwa Epstein-Barr, na historia yake imeanzia kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ambao nao ni aina ya limfoma. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ya gari ya maili 10,000 hivi, wakipita Kenya na Tanganyika kuelekea kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanauona uvimbe ule. Waligundua kwamba kadiri unavyopanda kwenye nyanda za juu zenye baridi ndivyo unavyopotea, na kwamba ramani yake inakwenda sambamba na ile ya malaria. Mtu wa Moshi anayejua tofauti kati ya mbu wa tambarare ya mashamba ya miwa ya TPC na baridi ya Kibosho juu anaelewa jambo hilo bila kuchorewa.

Burkitt akawa anapeleka vinyama kwa ndege hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein. Kipo kisa ambacho huwa nawasimulia vijana wanaokuja kujifunza maabarani kwetu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli kutoka Kampala ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa machafu, yana ukungu, na kwa desturi ungedhani yameingiwa na bakteria. Hakuyamwaga. Aliyatazama kwenye hadubini akakuta seli za saratani zilizojitenga, zinaelea, ziko hai. Kutokana na sampuli ile ndipo Yvonne Barr alipofanikiwa kuziotesha seli, na Bert Achong, mtu wa Trinidad, akatengeneza picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha kirusi ndani yake. Walitangaza Machi 1964. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likakiweka kirusi hicho kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Na sisi Tanzania tuna mchango wetu. Kuanzia 1977 hadi 1982, huko North Mara, eneo la hospitali ya Shirati, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa klorokwini mara kwa mara ili kupima kama kuzuia malaria kutapunguza uvimbe wa Burkitt. Jibu halikuwa la mkato, maana idadi ya wagonjwa ilikuwa imeshaanza kushuka kabla dawa hazijagawiwa. Nalitaja kwa sababu nitalirudia baadaye: watoto wa Kampala na wa Mara walitoa damu na vinyama ili dunia ikijue kirusi hiki.

Sasa, kirusi hiki tunacho karibu wote. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wamekipata, na huku kwetu mtoto hukipata mapema, kabla hajaanza shule, kupitia mate: mama anayemtafunia chakula, kikombe kimoja cha uji kinachozunguka. Kikishaingia hakitoki. Kinajificha ndani ya seli B na kukaa kimya maisha yote. Kinachokifanya kikae kimya ni seli T, ambazo naweza kuzifananisha na sungusungu wa mtaa. Zinapita usiku na mchana, zinagonga kila mlango, na seli B yoyote inayoanza kuzaana ovyo kwa uchochezi wa kirusi inakamatwa na kumalizwa. Mtu mwenye sungusungu imara anaishi na kirusi hiki hadi uzee na hajui kama anacho.

Mgonjwa wa limfoma sungusungu wake wametawanyika. Ugonjwa wa kwanza wenyewe umeshavuruga kinga. Kemo inakuja juu yake, na kila mzunguko unaambatana na prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, ya dozi kubwa kwa siku kadhaa. Zipo dawa, kama fludarabini na bendamustini, zinazoshusha seli T kwa miezi mingi, na kwa baadhi ya watu hata zaidi ya mwaka. Zipo aina za limfoma, hasa moja ya seli T inayowapata wazee, ambazo tangu mwanzo zinakuja na seli B zenye kirusi pembeni yake. Na kwetu kuna VVU. Mtu anaweza kuwa na VVU na limfoma kwa pamoja, akaanzishiwa kemo wakati CD4 zake, zile seli T zinazoshambuliwa na VVU, ziko chini sana. Hapo sungusungu wameondolewa mara mbili.

Ushahidi kwamba kinga ndiyo inayoshika kamba ni wa kusisimua. Mwaka 1984 mpasuaji Thomas Starzl na wenzake waliandika kuhusu watu waliopandikizwa viungo wakapata uvimbe wa aina hii: dawa za kushusha kinga zilipopunguzwa, uvimbe ulinywea. Hali kama hiyo imeonekana kwa wagonjwa wa baridi yabisi wanaomeza methotreksati kidogo kidogo kila wiki kwa miaka. Baadhi yao wamepata limfoma yenye kirusi, dawa ikasimamishwa, limfoma ikayeyuka bila kemo yoyote. Hebu fikiri: saratani inayoondoka kwa sababu umeacha kutoa dawa.

Lakini kwa nini ubongoni? Hapa mtu wa mlimani anisikilize. Babu zetu walichimba mifereji kutoka kwenye mito ya Kilimanjaro, maji yakashuka kwa mteremko kutoka kihamba hadi kihamba. Kihamba kilicho juu ya usawa wa mfereji hakinyweshwi, hata mto ukifurika. Ubongo uko juu ya mfereji. Kuna ukuta kati ya damu na ubongo unaochuja kila kitu, na dawa nyingi tunazozitumia kutibu limfoma hazipandi kule. Rituksimabu, dawa iliyobadilisha matibabu ya limfoma tangu 1997 na iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, inasafisha seli B mwilini, pamoja na zile zenye kirusi. Ila kiasi kinachofika kwenye maji ya uti wa mgongo hakifikii asilimia 1 ya kile kilichomo kwenye damu. Na sungusungu wenyewe, waliobaki wachache, hawapiti doria sana huko juu. Kwa hiyo unaweza kumpima mgonjwa shingoni, kwapani na tumboni ukamkuta safi, ukampongeza, na seli chache zenye kirusi zikawa zinaendelea kuzaana mahali ambapo dawa haikufika.

Mtu atauliza: kama yote mawili ni limfoma, na yote yako ubongoni, jina lina maana gani kwa mgonjwa?

Lina maana kubwa. Ikiwa ni ya zamani iliyorudi, inatuambia kwamba imezishinda dawa za kwanza, na daktari atatafuta kitu kikali zaidi: methotreksati ya dozi kubwa inayoweza kuvuka ule ukuta, na kwa wanaoweza, kupandikiza chembe mama za damu. Ikiwa ni mpya na ya kirusi, swali la kwanza ni la kinga. Kuna dawa gani ya kushusha kinga ambayo mgonjwa huyu bado anaitumia na tunaweza kuiacha? Ana VVU? ARV zake zinafanya kazi? Wingi wa virusi ukoje? Enzi za kabla ya ARV, mtu mwenye UKIMWI akipata limfoma ya ubongo alikuwa anahesabiwa miezi, na uvimbe wake karibu kila mara ulikuwa na kirusi cha Epstein-Barr. Kurudisha kinga kumebadilisha hesabu hiyo. Zaidi ya hapo, wachunguzi wameona kwamba uvimbe wenye kirusi huwa haubebi yale mabadiliko ya jeni, MYD88 na CD79B, ambayo ni ya kawaida kwenye limfoma ya ubongo isiyo na kirusi. Dawa mpya zinazolenga njia hizo haziwezi kutegemewa kumsaidia. Na kwa upande mwingine Ulaya ilikwishapitisha, Desemba 2022, tiba ya seli T zilizofundishwa kukitambua kirusi hiki, kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo. Sisemi itafika Moshi kesho. Nasema hata mlango wa kuugonga huwezi kuujua kama hukujua ni uvimbe gani.

Halafu kuna lile la kukata tamaa. "Imerudi" ni neno linalowafanya ndugu waanze kuchanga nauli ya kumrudisha nyumbani. Nimeona hili mara nyingi mno, na linaniuma kila mara. Watu wanafunga mizigo kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelipima.

Namna ya kupima ipo, wala si ya ajabu. Kirusi kikiwa kimelala ndani ya seli huacha vipande vidogo vya RNA vinavyoitwa EBER, kwa wingi sana. Unakata kipande kutoka kwenye bloku ileile ya nta, unakiwekea kichunguzi kinachonata kwenye vipande hivyo, na viini vya seli zenye kirusi vinageuka vyeusi, dazeni kwa dazeni, huku seli za jirani zikibaki zimepauka. Ukiona slaidi iliyojibu ndiyo huhitaji kubishana na mtu. Pia unahitaji bloku ya zamani, ya ule uvimbe wa kwanza, uipime kwa njia hiyohiyo, kwa sababu limfoma ya kwanza nayo ingeweza kuwa na kirusi, na hapo italazimu kulinganisha ukoo kwa jeni.

Na hapa ndipo penye uozo wetu, niseme wazi. RNA haivumilii uzembe. Kinyama kikiachwa mezani kwenye shashi mpaka kikauke, au kikatumbukizwa kwenye spiriti kwa kuwa fomalini imeisha, au kikalala kwenye fomalini iliyozeeka wiki nzima kikingoja gari, kipimo kitajibu hapana hata kama kirusi kimejaa tele. Nimeshapokea kinyama cha tezi ndani ya chupa ya soda, kimefungwa kwa plasta. Nimeshapokea fomu isiyo na umri wala jinsia. Anayetuma hana nia mbaya; amechoka, ana wodi ya watu arobaini, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mstari mmoja wa historia, "alitibiwa limfoma mwaka fulani kwa dawa fulani", unaamua ni kipimo gani kifanyike. Mwanapatholojia asiyejua kwamba kulikuwa na limfoma ya kwanza hatauliza swali la pili.

Mtego mwingine ni deksamethasoni, dawa ya steroidi inayopunguza uvimbe wa ubongo. Mgonjwa anakuja na kichwa kinapasuka, picha ya CT inaonyesha uvimbe na ubongo uliojaa maji, na haraka anachomwa deksamethasoni. Anaamka, anaongea, anaomba mtori. Familia inafurahi. Ila seli za limfoma hufa kwa steroidi, na ndani ya siku chache uvimbe unaweza kunywea hata picha ya pili ikakaribia kuwa safi. Mpasuaji akichukua kinyama wakati huo, mimi napokea seli zilizokufa na mabaki, na mwanapatholojia anaandika "haitoshelezi kutoa jibu". Wiki chache baadaye uvimbe unarudi. Wanaojua kazi hii wanashauri kwamba pale limfoma inaposhukiwa, na mgonjwa hayuko kwenye hatari ya papo hapo, steroidi isubiri hadi kinyama kichukuliwe. Akiwa hatarini apewe, uhai kwanza. Lakini iandikwe kwenye fomu, ilianza lini na ngapi.

Najua hoja ya upande wa pili, maana naisikia kantini kila siku. Kutoboa fuvu la mtu ili upate punje tatu za kinyama si mchezo. Wapasuaji wa ubongo nchini bado ni wachache, wengine wako Dar es Salaam, na safari ya Moshi hadi MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, kwa mgonjwa anayepata degedege ni mateso. Uvimbe ukikaa pabaya, sindano yenyewe inaweza kumwacha amepooza. Kwa mwenye VVU, madaktari huanza kwa kutibu toksoplazma, kimelea kinachoshambulia ubongo, siku 10 hadi 14 halafu wanarudia picha, na ni busara, kwa sababu toksoplazma ni ya kawaida na inatibika, kama ambavyo TB ya ubongo nayo inaweza kujifanya uvimbe. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni mgonjwa aliyeshindwa kupata nafuu baada ya siku 14 kuendelea kupewa dawa zilezile mwezi wa pili, kwa sababu tu hakuna anayetaka kuamua.

Tena kuna njia ya kati. Pale ambapo msukumo ndani ya kichwa unaruhusu, maji ya uti wa mgongo yanaweza kupimwa DNA ya kirusi kwa PCR, kipimo kinachokuza vinasaba vichache hadi vionekane. Peke yake si hukumu, maana kirusi kinaweza kuonekana humo kwa sababu nyingine, lakini yakiunganishwa na picha na historia yanampa daktari mahali pa kusimama. Na PCR si kitu kigeni huku kaskazini. Tangu tuanze kuhesabu wingi wa VVU, halafu TB kwa GeneXpert, halafu Uviko, tumejaza mashine na vijana wanaojua kuzitumia. Moshi kuna KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971 na inayohudumia kanda nzima, ina kituo cha saratani na taasisi ya utafiti, KCRI, inayofanya kazi ya vinasaba. Arusha kuna hospitali zinazolaza wagonjwa wa saratani. Vitendanishi vya EBER na PCR ya Epstein-Barr ni kisanduku kinachoingia kwenye friji moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuviagiza kila mwaka bila kukatika, na bima inayokubali kwamba jibu la patholojia ni sehemu ya tiba kama ilivyo dripu.

Hii ya bima naisisitiza. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na mjadala wote ninaousikia ni wa dawa na vitanda. Mgonjwa analipiwa mizunguko sita ya kemo, kisha anaambiwa ajilipie kipimo cha kujua kama kemo hiyo ndiyo iliyomfaa. Fedha za kujenga jengo hupatikana kwa kuwa jengo linazinduliwa, kuna utepe, kuna mgeni rasmi. Kisanduku cha vitendanishi hakizinduliwi na mtu. Lakini ningeulizwa kama tuongeze ghorofa au tuhakikishe hakuna kinyama cha limfoma kanda ya kaskazini kinachotoka maabara bila kupimwa seli B, seli T na EBER, nisingefikiri mara mbili.

Wala tusije tukaambiwa kwamba hii ni anasa ya Wazungu. Kirusi kilipatikana kwenye kinyama cha mtoto wa Uganda. Klorokwini ya majaribio ilimezwa na watoto wa Mara. Sasa hivi watafiti wa Muhimbili, na wenzao wa Uganda na Oxford, wamekuwa wakitafuta namna ya kuikamata DNA ya uvimbe na ya kirusi hiki kwenye damu, ili mtoto mwenye limfoma asingoje kinyama kwa wiki kadhaa. Elimu hii ilitoka mikononi mwetu. Kuidai irudi kwenye friji za Moshi na Arusha ni kudai chetu.

Kwa ndugu wanaouguza, nina mambo ambayo hayahitaji friji. Mtu akimaliza kemo ya limfoma, ombeni nakala ya majibu ya kinyama na namba ya bloku, muitunze pamoja na hati ya shamba. Bloku hukaa miaka mingi na ni haki yenu kuiulizia. Andikeni majina ya dawa alizopewa. Na baada ya hapo, kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kuambatana na kutapika, degedege la kwanza ukubwani, mkono unaoangusha kikombe, macho kuona ukungu, au mtu mpole ghafla kuwa mkali, kusahau majina ya wajukuu, kukaa kimya sebuleni bila sababu: msimpeleke kwanza kuombewa wala kusuluhishwa na wazee wa ukoo. Hayo yatafuata. Mpelekeni alikotibiwa, na mlangoni semeni "huyu alikuwa na limfoma" kabla hamjasema kichwa kinamuuma.

Yule mgonjwa wa Alhamisi. Kipimo cha EBER hakikuwepo kwetu siku zile, bloku yake ikasafirishwa. Ile ya zamani tuliiomba huko alikotibiwa mwanzo. Walijibu siku ya tisa kwamba rafu zimehamishwa, na siku ya kumi na saba ikapatikana, ina lebo iliyofifia. Nayo ikatumwa. Majibu yalirudi kwa pamoja. Bloku ya kwanza haikuwa na kirusi hata kwenye seli moja. Bloku ya ubongo ilikuwa nyeusi tii.

Alikuwa ameshazikwa siku kumi na moja nyuma, kihambani kwake. Sisemi angepona, wengi wenye uvimbe huu hawaponi, hata penye kila kitu. Lakini alikwenda kaburini akitibiwa kwa kubahatisha.

Kijana wake alikuja kuchukua majibu kwa ajili ya taratibu za mirathi. Mrefu, amevaa shati jeupe la kazini, ameshika bahasha ya picha za CT ambayo nadhani hakujua tena aifanyie nini. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, nikamkabidhi karatasi mbili. Alizisoma amesimama, polepole, akirudia mistari. Kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo, baba, ile ya kwanza haikurudi?"

"Haikurudi, mwanangu. Ile ya kwanza aliishinda."

Akazikunja zile karatasi mara mbili, akazitia kwenye mfuko wa shati, akasema anakwenda kumwambia mama yake.